FINIS Agility: kasia lisilo na mpira, na pale linapochomokea

Makasia mengi ya viganjani, yaani vibao vya kufanyia mazoezi ya kuogelea, hufungwa kwa mipira, mmoja vidoleni na mwingine kwenye kifundo cha mkono. Ukishayakaza, unaweza kuogelea ovyo asubuhi nzima na yasitoke. Agility, la kampuni ya FINIS, halina mpira hata mmoja. Unapitisha dole gumba kwenye tundu, kasia linalala kiganjani, na kinachoendelea kulishikilia ni msukumo wa maji tu. Msukumo ukipotea, linachomoka. Kazi yako ni kuangalia limechomokea wapi.

Likitoka mkono unapoingia majini, mara nyingi umetanguliza dole gumba, kiganja kikatazama nje, maji yakapenya katikati. Kuingia hivyo hulizungusha bega kwa ndani, na bega halipendi mzunguko huo ukirudiwa mara mia kadhaa. Tanguliza ncha za vidole, kiganja kikitazama chini, usawa wa bega, kisha malizia kunyoosha mkono ndani ya maji, si hewani. Likitoka mkono ukiwa umeshanyooka, kifundo kimekunjika na vidole vimepanda juu, kama askari wa barabarani anayesimamisha gari. Hapo kiganja ni breki. Shusha vidole viwe chini ya kifundo, na kifundo kiwe chini ya kiwiko, ndipo uanze kuvuta. Likitoka karibu na paja, unasukuma maji kwenda juu badala ya nyuma.

Kosa moja Agility haliligundui: mkono unaovuka mstari wa kichwa. Mradi kiganja kinabana maji, kasia litatulia huku kiuno kikiyumba kama nyoka. Kwa hilo Freestyler, la kampuni hiyohiyo, ni bora zaidi: limechongoka mbele, na lina pezi chini yake, hivyo mkono ukienda mshazari unausikia papo hapo. Ila hilo ni la mtindo huru peke yake.

Chukua saizi inayozidi kiganja kidogo tu. Kubwa hulemea bega, na ufundi hauongezeki. Ogelea mita 50 ukiwa na makasia, yaache ukingoni, kisha mita 50 bila, mara nne. Mizunguko ya viganja vitupu ndiyo ya kusikiliza kwa makini: mwanzoni maji yatateleza vidoleni kana kwamba hushiki kitu. Bega likianza kuuma, yavue kwa siku hiyo.