Uzoefu wangu: inReach, PLB na redio ya VHF kwa sisi tunaovua Fungu Kizimkazi

Mtu anayeanza kuvua mbali na Dar akiniuliza anunue nini kwanza, namjibu bila kusita: kifaa cha ujumbe wa satelaiti (kama inReach) kwanza, PLB, yaani kifaa kidogo cha mtu binafsi cha kuita waokoaji kupitia satelaiti, pili, redio ya VHF ya mkononi tatu. Najua mpangilio huu unapingwa, hasa na waliojifunza bahari Ulaya au Afrika Kusini, ambako PLB na redio hutangulia. Kule ukiomba msaada kuna boti ya uokoaji na watu wake wanaosubiri kuitwa. Kwetu kipo kituo cha kuratibu uokoaji cha MRCC Dar es Salaam, na upande wa Zanzibar wapo KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, lakini anayekufikia wa kwanza mara nyingi ni mvuvi mwenzako, na mvuvi huyo anapatikana kwa simu.

Kwa wasiopajua, Fungu Kizimkazi ndilo linaloandikwa Latham kwenye ramani za mabaharia. Ni kisiwa kidogo tambarare cha mawe, hakikaliwi na mtu, ndege tu, karibu maili 40 za baharini mashariki ya Dar. Pembeni yake bahari inazama ghafla kwenye kina kirefu. Ndiyo maana jodari, nguru na sulisuli hukusanyika pale, na ndiyo maana nanga haikusaidii mashine zikizima. Mtandao wa simu unakata mapema sana njiani, kwa hiyo anayetegemea simu pekee hana mawasiliano.

Mimi natumia Garmin inReach Mini 2. Ina uzito wa gramu 100, naining'iniza kwenye mkanda wa laifu jaketi, na inapitisha ujumbe kwenye satelaiti za Iridium ambazo zimeuzunguka ulimwengu wote, bahari zote zikiwemo. Unatuma SMS kwenda simu yoyote ya kawaida, na mwenye simu anakujibu. Ndani yake kuna ujumbe mfupi unaouandaa mapema na kuuchagulia wapokeaji. Mmoja wangu unasema: "Mashine imezima, hatujaumia, tunahitaji kuvutwa." Kiungo cha ramani kinaambatana nao chenyewe.

Ujumbe huo niliutuma kweli mwanzoni mwa kaskazi. Tulikuwa kwenye boti ya faiba ya rafiki yangu, mashine mbili, tangi moja. Petroli tuliyouziwa ilikuwa na maji. Mashine mbili zinazonyonya tangi moja ni sawa na mashine moja: ya kwanza ilikwama, na ya pili ikafuata hata filta hatujaigusa. Nahodha alifungua kikombe cha filta akakiinua juani tukaona. Maji yametuama chini, petroli inaelea juu, na mpaka kati yao umenyooka. Akamwaga, akaminya pampu ya mkono kujaza upya, yakaja maji mengine. Akamwaga tena, yakaja tena.

Mkondo wa nje kule unakwenda kaskazini, na upepo wa kaskazi ukiukabili, mawimbi yanasimama mafupi na makali. Tulitupa parachuti ya majini ili omo, yaani mbele ya boti, ielekee mawimbi, tukavaa laifu jaketi zote, nikatuma ujumbe. Mke wangu alijibu: "Nimeona. Nampigia nahodha wa Kimbiji." Huyo ni mvuvi mwenzetu wa kijiji cha pwani kusini ya Dar. Baadaye kidogo: "Anajaza mafuta. Mna maji ya kunywa?" Sijui nieleze vipi uzito wa maneno hayo ukiwa umekaa kwenye boti isiyokwenda. Nilimjibu kwamba maji yapo, na kwamba aendelee kuangalia ramani kwa sababu tunasogea. Kifaa kilikuwa kinatuma mahali tulipo kila baada ya dakika 10, na yeye akawa anamsomea nahodha namba mpya mpaka boti ile ilipotoka nje ya mtandao.

SOS sikubonyeza. Kitufe hicho kinapeleka taarifa kwa mtu wa zamu wa Garmin kule Marekani, ambaye huwasiliana na waokoaji wa nchi uliyopo na kuendelea kukuandikia. Ni huduma nzuri, lakini ni ya roho iliyo hatarini. Tulikubaliana na nahodha kwamba maji yakianza kuingia, au jua likizama kabla msaada haujafika, tunabonyeza bila kujadiliana.

Sasa hapa ndipo niseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Namba za ramani zilimleta yule ndugu wa Kimbiji jirani yetu, lakini hazikumfikisha. Namba ya mwisho aliyokuwa nayo ilishachakaa, sisi tumeshasogea, na boti nyeupe katikati ya povu jeupe haionekani hata ikiwa karibu. Sisi tulimwona yeye, yeye hakutuona. Redio hana, wavuvi wengi wadogo hawana. Kilichomaliza kazi ni kopo la moshi wa rangi ya chungwa. Nahodha alivuta pini, akalitupa majini upande ambao upepo unaelekea ili moshi usituingie machoni, na ule moshi ukalala juu ya maji, mnene, kwa dakika tatu hivi. Boti ya Kimbiji ikakata kona moja kwa moja. Kopo hilo ni bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja. Fataki nyekundu za mkononi ni nzuri usiku, lakini mchana wa jua kali moshi ndio unaoonekana. Tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kopo. Vitu hivi huuzwa vikiwa na muda wa miaka mitatu hivi, na madukani vipo vilivyokwisha muda ambavyo vimefutwa vumbi tu.

Kasoro za inReach zipo. Haielei, kwa hiyo isiyofungwa kwa kamba imepotea. Skrini ni ndogo na haina kibodi. Kuandika "tunahitaji" herufi moja moja huku boti inayumba ni mateso, kwa hiyo andaa ujumbe wako nyumbani, au iunganishe na simu uandikie huko. Inataka kuona anga, ukiificha chini ya paa la boti ujumbe unachelewa. Na kuna ada ya kila mwezi kwa dola, mbali na bei ya kifaa ambacho kilipotoka mwaka 2022 kilikuwa kama dola 400. Kwa mvuvi wa wikiendi ni pesa. Sisi tunachanga wanaboti wote, na nashauri mfanye hivyo.

PLB ni kitu kingine kabisa, na haina ada. Yangu ni Ocean Signal rescueME PLB1, gramu 116, inaingia mfuko wa shati. Betri yake inakaa miaka 7 bila kuchajiwa, na ukiiwasha inapiga kelele kwa satelaiti kwa saa 24 au zaidi kwenye masafa ya megahezi 406. Mfumo unaoisikiliza unaitwa Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti, na umeokoa watu tangu mwaka 1982. Taarifa inakwenda vituo vya uokoaji vya kiserikali, bila kampuni kati. Lakini yenyewe haiwezi kukujibu kwa maneno, wala huwezi kuieleza kwamba umeharibikiwa tu. Inasema jambo moja: njooni, nakufa. Kwa aliyeanguka majini usiku, boti ikaenda zake, hilo ndilo jambo lenyewe.

Jifunze kuifungua ukiwa nchi kavu. Antena ni utepe wa chuma uliokunjwa ndani, unauvuta mpaka usimame, halafu unainua kifuniko na kushikilia kitufe. Antena ikilala majini satelaiti hazisikii kitu, kwa hiyo mtu aliye ndani ya maji lazima aishike juu au aifunge begani. Kuna kitufe cha kujaribia. Tumia hicho, kamwe usiiwashe kweli kwa majaribio. Na kwa mola wako usinunue kifaa cha zamani cha mtumba kinachotumia megahezi 121.5 pekee: satelaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Utakuwa umebeba taa inayowaka na hakuna anayetazama.

Redio ya VHF nimeiweka ya tatu kwa sababu ya umbali tu. Nina Standard Horizon HX890, wati 6, inaelea, ina GPS, na chini ya kifuniko chekundu kuna kitufe cha dharura cha DSC, yaani mfumo unaotuma ombi la msaada kidijitali bila wewe kusema. Kwa boti mbili ndogo, redio za mkononi zinasikilizana maili chache, kwa sababu mawimbi ya VHF hayapindi na mgongo wa bahari. Kutoka Fungu Kizimkazi usitegemee Dar ikusikie. Ila kwa meli inayopita ni mali: meli zote kubwa zinasikiliza chaneli 16, na hazikuoni chini kule. DSC haifanyi kazi bila MMSI, namba ya utambulisho wa redio yenye tarakimu tisa, ambayo kwa Tanzania huanza na 674 au 677. Hutolewa na mamlaka ya nchi, usijitungie.

Kuhusu laifu jaketi zinazojijaza hewa nina neno moja. Zile zenye kidonge kinachoyeyuka kikilowa hazipatani na unyevu wa pwani yetu. Nimeiona moja imejijaza stoo wakati wa masika, imening'inia ukutani. Aina inayosubiri shinikizo la maji, ya Hammar, ni ghali lakini inatulia. Chupa ya gesi ipime kwenye mizani ya jikoni kila msimu. Uzito wake umechongwa ubavuni, ukipungua badilisha.

Mwisho, kwa mnaoagiza PLB kupitia ndugu aliye Dubai au Uingereza: kabla ndugu hajalipa, amuulize muuzaji imewekewa msimbo wa nchi gani. Kila PLB ina utambulisho wa herufi na namba 15, na ndani yake ndiko ilikofichwa nchi. Ukiisajili, jaza simu za watu wawili walio nchi kavu wanaojua umekwenda wapi na na nani, maana kituo cha uokoaji kitaanza kwa kuwapigia hao. Mimi nimejaza ya mke wangu na ya yule nahodha wa Kimbiji.