Gia ya distributa ya Escort: huduma ya karakana moja ya Nakuru

Mwenye gari la zamani mjini Nakuru hakosi fundi wa breki wala wa springi, lakini fundi anayeielewa kwa undani distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi za injini, ni wa kutafutwa. Ndiyo maana naandika kuhusu karakana ndogo ya kukereza vyuma katika eneo la viwanda, nilikopeleka Ford Escort 1300 ya mwaka 1973 baada ya gia ya distributa yake kulika. Kazi iliyofanyika pale imenipa imani kubwa, na wenye Escort wenzangu katika ukanda huu wanastahili kujua ilifanywaje.

Injini ilikuwa ikikohoa kila tulipopanda kuelekea Mau Summit, na taa ya kupimia taimingi (wakati ambao plagi hutoa cheche) ilipomulikwa kwenye puli, alama haikutulia bali ilirukaruka mbele na nyuma. Gereji moja ilikuwa imekwisha kubadilisha plagi, kondensa na pointi (swichi ndogo ya distributa inayokata umeme ili cheche itoke), ikanirudishia gari na ugonjwa wake uleule. Fundi wa karakana hii alianza kwa kufungua kifuniko cha distributa, akaishika rota, kipande kinachozunguka juu ya shafti yake, kwa vidole viwili na kuizungusha taratibu huku na huku. Springi zilizo chini ya rota huiruhusu isogee kidogo upande mmoja kisha zikairudisha, na hilo si kosa. Lakini hii ilicheza pande zote mbili na kubaki palepale ilipoachwa, ilhali krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imetulia. Alinieleza kwamba distributa huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti, kwa hiyo digrii moja inayopotea kwenye gia huwa digrii mbili za taimingi. Hakuna plagi mpya itakayofidia hasara hiyo.

Distributa ilipotolewa, jambo lilijieleza lenyewe. Meno ya gia, ambayo yakiwa mazima huwa na kichwa bapa, yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno, na yalikuwa yamelika upande mmoja tu, ule unaosukumwa na kamshafti, yaani shafti inayofungua vali za injini. Nilipouliza kama gia nyingine ingetosha kumaliza kazi, alinijibu, “Mzee, gia haijili yenyewe. Tutafute kwanza kinachoila.”

Hapo ndipo karakana hii inapozipita nyingine nilizowahi kuzitumia. Alimulika tochi katika tundu la distributa na kuikagua gia ya kamshafti jino kwa jino, huku mimi nikisubiri kwa wasiwasi, kwa kuwa katika injini hii gia hiyohiyo ya kamshafti ndiyo inayoendesha pia pampu ya oili. Kama ingekuwa imeharibika, injini nzima ingelazimika kushushwa na kupinduliwa, maana tapeti zake (vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua vali) hutoka kwa chini tu baada ya kamshafti kuondolewa. Kwa bahati njema ilikuwa nzima. Chanzo kilipatikana kwenye distributa yenyewe: washa inayozuia shafti isipande na kushuka ilikuwa imekwisha, na bushi, bomba dogo ambalo shafti huzungukia ndani yake, ilikuwa imepanuka kiasi cha shafti kuyumba. Shafti inayoyumba huifanya gia ikutane na mwenzake kwa pembe isiyo sahihi, na vilevile hubadilisha mwanya wa pointi kila inapozunguka. Gia mpya ingefungwa juu ya bushi ile, ingeanza kulika siku hiyohiyo.

Kuna mafundi wanaojaza meno kwa kuchomelea kisha wakayapiga tupa. Huyu alikataa katakata, na ninaunga mkono uamuzi wake, kwani meno ya gia hii yamekatwa kwa mshazari na tupa haiwezi kuyarudishia umbo lake, achilia mbali kwamba joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma. Alikataa pia kunikerezea gia ya shaba, akisema kamshafti ya chuma cha kusubu yataka gia ya chuma kinachopatana nayo, na kwamba shaba ni laini na ingelika mapema. Badala yake tulipata distributa ya mtumba yenye gia nzuri kutoka kwa muuza spea, nayo gia ikahamishiwa kwenye shafti yangu.

Nilipenda sana namna alivyoshughulikia bushi. Ni ya shaba yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kabla ya kuisukuma mahali pake aliilaza ndani ya oili usiku kucha ili inywe ya kutosha. Washa aliikereza mwenyewe, akaipima kwa vipande vyembamba vya kupimia mwanya, akaipunguza unene na kuipima tena mpaka shafti ikazunguka bila kukwama na bila kucheza. Pini inayoshikilia gia kwenye shafti aliweka mpya. Mwishowe aliyapaka meno ya gia wino wa buluu, akaizungusha injini kwa mkono, kisha akanionyesha kwamba wino ulifutika katikati ya jino wala si ukingoni, ishara kwamba meno yanakutana sawasawa.

Oili na filta vilibadilishwa kwa sababu unga wa chuma ulikuwa umeingia kwenye sampo, chombo cha oili chini ya injini; sumaku iliyotumbukizwa katika oili ya zamani ilitoka imevaa ndevu. Baada ya hapo alama ya taimingi ilitulia, na Escort sasa inapanda Mau Summit bila kukohoa. Gari la aina hii, lililoshinda Safari Rally mwaka 1972 likiwa na Hannu Mikkola na tena mwaka 1977 likiwa na Björn Waldegård, halistahili kuozea uani kwa ajili ya gia ndogo kama hiyo.

Kasoro zipo. Nililazimika kuiomba risiti zaidi ya mara moja, na siku ya kuchukua gari iliahirishwa bila mimi kujulishwa. Nililipa shilingi 6,500 kwa ufundi, bushi na washa, mbali na distributa ya mtumba. Sioni kuwa ni ghali. Usipeleke distributa peke yake ukidhani utaokoa muda, kwa sababu fundi huyu haipokei kazi hiyo kabla ya kuiona gia ya kamshafti kwa macho yake.