Kiendelezi cha hiari nilichokikuta kimeshawashwa: uzoefu wangu

Kampuni inayotengeneza programu ya kuandikia ninayoitumia kazini ilitoa sasisho hivi karibuni, na ndani yake mlikuwa na kiendelezi cha kumsaidia mwandishi ambacho maelezo yake yanakiita cha hiari. Mimi nilikikuta kimeshawashwa. Sikuulizwa, sikubofya popote kukubali, wala sikuonyeshwa tangazo lolote. Nilikigundua pale maneno ya kijivu yalipoanza kunitangulia kumalizia sentensi katika barua ya mteja kuhusu mgogoro wa mirathi, barua yenye mambo ambayo hata wenzangu ofisini hawaruhusiwi kuyasoma.

Niseme haki kabla hasira haijanizidi: kazi yenyewe kinaiweza. Kinanasa neno lililorudiwa na sentensi iliyopoteza kiima chake, na mapendekezo yake mengi ni ya busara. Kama ningekiwasha kwa mkono wangu, kwa ajili ya nyaraka za kawaida, huenda leo ningekuwa ninakisifu. Tatizo ni kwamba mapendekezo hayo hayatungwi ndani ya kompyuta yangu. Maandishi hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mbali, huko yakasomwa na mashine, kisha jibu likarudi, na jambo hilo limeelezwa ndani kabisa ya mipangilio, chini ya kichwa kisichomdokezea mtu kwamba barua zake zinasafiri.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja nikitaka kujua maandishi ya barua ile yamehifadhiwa wapi, na ni nani aliyeidhinisha yatumwe. Aliyenijibu hakugusa hata swali moja. Alisema kiendelezi ni cha hiari na kwamba ninaweza kukizima wakati wowote. Nilipouliza tena, kwa upole, akaniambia watumiaji wengi wanakipenda na kwamba pengine mimi bado sijakizoea. Maneno hayo yameniuma kuliko tukio lenyewe, kwa sababu nilikuwa ninazungumzia siri ya familia iliyoniamini, naye akanijibu kama mtu anayelalamikia rangi ya kitufe. Kukizima baada ya barua kuondoka hakuirudishi barua.

Hoja ya upande wa pili ninaifahamu, na kwa sehemu ninaikubali. Watu wengi hawafungui mipangilio kabisa, kwa hiyo kinachokuja kimezimwa hubaki kimezimwa hata pale ambapo kingewafaa. Microsoft ilipotoa Service Pack 2, sasisho kubwa la mfumo wake wa kompyuta wa Windows XP, mwaka 2004 na kuwasha kwa kila mtu kinga ya kuzuia mashambulizi ya mtandao, ilifanya vyema, maana kinga ile ilifunga mlango na haikutoa siri ya mtu nje. Lakini tabia hiyohiyo ya kutogusa mipangilio, iliyowalinda watu kule, ndiyo inayowaumiza hapa, kwa kuwa kiendelezi kilichowashwa kitaendelea kusoma barua za watu wasiojua hata kwamba kipo. Microsoft hiyohiyo ilipotangaza Recall mwezi Mei 2024, chombo kinachopiga picha za skrini kila baada ya muda mfupi, ilikusudia kije kimewashwa. Malalamiko yakawa mengi, na mwezi Juni ikatangaza kwamba kitabaki kimezimwa mpaka mtumiaji mwenyewe achague kukiwasha. Na picha zile zilikuwa zinabaki kwenye kompyuta ya mwenyewe! Maandishi yangu yameshatoka.

Huko Ulaya jambo hili limefika hata mahakamani. Mwezi Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Planet49 lililohusu vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kifaa cha mtu, iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla mtu hajakigusa si idhini halali. Mimi sikuonyeshwa hata hicho kisanduku.

Nilikusudia kutoa nyota tatu kati ya tano, kwa sababu kiendelezi ni kizuri na mtu anayeandika mambo yake mwenyewe anaweza kukiwasha bila hofu kubwa. Nilipoyasoma upya majibu ya huduma kwa wateja nikashuka hadi moja, na nikataka kumshauri kila wakili, daktari, mshauri nasaha au mwalimu anayetunza taarifa za watu wengine akizime kabla hajafungua waraka wowote. Sasa hata ushauri huo ninaona hautoshi. Sasisho jingine limeingia, nikafungua mipangilio ili nihakikishe, na nimekikuta kimewashwa tena ilhali nilikuwa nimekizima mwenyewe. Nyota ile moja ninaiondoa, na nyaraka za wateja nimeanza kuzihamishia kwenye programu nyingine isiyohitaji intaneti.