Watu saba, kamba moja: siku yetu ya timu Chwaka

Swali la kwanza nililowauliza kwa simu waandaaji wa siku yetu ya timu lilikuwa la pesa, na jibu lake nusura linikatishe tamaa: shilingi 60,000 kwa kichwa, lakini mkiwa chini ya watu 10 mnalipia 10. Sisi tuko saba. Nikamwambia yule bwana, hao watatu tuwatoe wapi, tuwaazime kwa majirani?

Afisi yetu ni ya wakala wa forodha, Malindi ya mjini Unguja, hatua chache kutoka bandarini. Yupo bosi, tunayemwita Mwalimu kwa sababu alisomesha skuli miaka mingi kabla ya kuingia kazi hii. Yupo mhasibu, mtu mzima, tunamwita Bi Mkubwa. Vijana wawili wa bandarini, binti wa nyaraka, dereva ambaye sote ni Ami yetu, na mimi niliyepewa kila kazi isiyokuwa na mwenyewe. Ami na binti wa nyaraka walikuwa hawasemeshani tangu mwezi wa sita. Kisa ni kontena lililokaa bandarini siku nne zaidi kwa ajili ya karatasi moja iliyosahauliwa garini. Nani aliyeisahau, mpaka leo zipo kauli mbili. Afisi ya watu saba wawili wakinuniana, watano waliobaki wanageuka wapeleka salamu: "Mwambie Ami funguo ziko mezani," na Ami yuko hatua tatu, anasikia.

Mwalimu akaona picha za kampuni moja ya wateja wetu, fulana za rangi moja, watu wanaruka ufukweni. Akasema na sisi tuwe na siku ya timu. Mimi nilitaka tupike biriani afisini tumalize. Sikusikilizwa.

Wenye huduma ni vijana wawili wanaoandaa siku kama hizi pwani ya mashariki. Jina lao silitaji, kwani ya kuwalaumu nimeshawaambia wenyewe. Baada ya kuvutana siku mbili tulikubaliana 480,000 kwa wote saba, bila ngoma na bila fulana, usafiri juu yetu. Kwa wenye timu ndogo nasema hivi: bei ya kichwa achaneni nayo, ulizeni bei ya siku. Bei ya kichwa imepangwa kwa ajili ya wanaokuja na mabasi.

Orodha ya michezo waliyonitumia ilikuwa na ule wa mtu kujiachia kinyumenyume adakwe na wenzake. Nikapiga simu pale pale. Bi Mkubwa ana wajukuu. Nani wa kumdaka, vijana wa bandarini? Yule bwana akacheka, akasema wageni wa hoteli wanaupenda sana. Nikamwambia sisi si wageni wa hoteli. Akautoa, na kwa hilo nampa haki yake: hakubishana, na akauliza mwenyewe kama wanawake tungehitaji pahala petu pa kubadilisha nguo na pa kusalia. Tulipofika tulikuta banda limezungushiwa makuti, mikeka safi, madumu ya maji ya kutilia udhu. Wapo waandaaji wakubwa wanaosahau hayo.

Kosa ambalo sikulikamata ni la maji. Ratiba ilisema "saa 4:00 asubuhi, mashindano ya ngalawa", na mimi mtoto wa Michenzani, bahari naijua ya Forodhani, ambayo ukienda saa yoyote ipo. Ami ndiye aliyeisoma ile karatasi Alkhamisi akaguna. "Jumamosi mwezi kumi na tano. Hiyo ngalawa ya saa nne mtaibeba kichwani?" Nikapiga simu, nikajibiwa "hakuna tatizo, dada".

Tulifika Chwaka saa tatu u nusu, bahari haikuwapo. Bamvua lile lilikuwa limeyavuta maji mpaka yakabaki mstari mweupe mbali kabisa, na ngalawa mbili zimekaa juu ya mchanga kama kuku wanaoatamia. Mtu anayepanga siku ya timu ufukweni na atazame tarehe ya Kiislamu kabla ya hii nyingine. Mwezi unapoandama na unapofika kumi na tano ndiyo bamvua. Maji ya kujaa na ya kupwa hupishana karibu mita nne, na pwani zetu siku hizo hukauka mnamo saa nne asubuhi, zikajaa saa kumi jioni. Ukitaka bahari tulivu isiyokwenda mbali, ngoja mwezi saba au ishirini na mbili, maji mafu. Hii si siri ya wavuvi. Na anayeuza mchezo wa ngalawa hana udhuru wa kutoijua.

Waandaaji wakaanza kunong'onezana. Hapo akapita bibi mmoja na kanga yake kiunoni, ndoo mkononi, anashuka pwani kwenye mwani wake. Bi Mkubwa akamwamkia, wakaulizana ukoo kama kawaida, na kabla hatujajua tumekubali nini, sote tulikuwa nyuma yake, viatu mkononi, tunakwenda shambani.

Saa moja na nusu ile ndiyo iliyostahili pesa zetu zote, na haikuwamo katika ratiba. Mwani wa biashara ulianza kulimwa pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na wengi wetu wa mjini tunaujua kwa kuuona umeanikwa kando ya barabara tu. Shambani ni vigingi viwili viwili vilivyochomekwa mchangani, kati yake kamba, na juu ya kamba unafunga mbegu moja moja kwa kitaitai, kijikamba chembamba. Ukikaza mno, mbegu inakatika. Ukilegeza, maji yakirudi yanaichukua. Kamba yenyewe haitaki mtu mmoja, maana mmoja avute na mwenzake afunge kwenye kigingi, na wote wawili wapimiane mkazo bila kuonana usoni kwa sababu mmeinama. Bibi akatugawa anavyotaka yeye. Hakumjua bosi wala tarishi. Mwalimu alipewa kamba na kijana wa bandarini, na Mwalimu ndiye aliyekaripiwa: "Wewe baba, unafunga mwani au unafunga mbuzi?" Miaka mitano nipo afisi ile, sijawahi kusikia mtu akimwambia Mwalimu kwamba amekosea mbele ya watu. Alicheka yeye kwanza.

Ami na binti wa nyaraka waliangukia kamba moja. Nisiwadanganye, hawakukumbatiana. Walisema maneno mawili tu, "kaza" na "legeza", mara nyingi sana. Lakini waliyasema wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyetumwa.

Makunduchi, kila mwaka mwezi wa saba siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kitoke, kisha watu wakala pamoja. Nilikuwa nikiona ni tamasha la kupigwa picha. Nilipomtazama Ami ameinama kwenye maji ya vifundoni nikaona wazee wale walijua kitu.

Bibi tulimpa shilingi 30,000 kutoka mfuko wa afisi. Waandaaji hawakumpa kitu, na hili ndilo lalamiko langu kubwa. Asubuhi yao yeye ndiye aliyeiokoa.

Baadaye ikaja michezo yao. Wa kwanza ulikuwa kituko. Kijana anayeendesha, aliyezoea makundi ya watu 40, akatugawa timu nne. Watu saba, timu nne! Bi Mkubwa akapiga hesabu kwa sauti: tatu za wawili wawili, moja ya mtu mmoja. Kijana wetu wa bandarini akawa timu peke yake, akajishangilia peke yake, akashinda. Tulicheka, lakini dakika arubaini zilikwenda na maji. Mchezo wa watu wengi haupunguzwi kwa kugawanya tu. Timu ndogo inataka mchezo wa timu moja dhidi ya jambo, si sisi kwa sisi. Tukishindana saba, walioshindwa tunarudi nao afisini Jumatatu, meza zinagusana.

Wa pili, lakini, ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia, na ndio unaonifanya nisiwaandike vibaya. Alifunga mizani ya kutungika, ile ya kupimia magunia ya mwani, kwenye shina la mnazi, akafunga kamba kwenye ndoana, akatuvutisha mmoja mmoja na Bi Mkubwa akiandika kilo. Jumla ya sote ikafika 238. Kisha tukavuta sote saba kwa pamoja. Mshale ukasimama 150 na kidogo. Tukarudia, ile ile.

Mwalimu akageuka, akauliza kwa sauti ya darasani, "Nani hakuvuta?" Kila mtu akatazama miguu yake. Yule kijana akasema hilo ndilo swali ambalo kila bosi huuliza. Akatuhadithia Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, aliyeandika mwaka 1913 juu ya majaribio ya watu kuvuta kamba: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Tunakimbilia kusema ni uvivu, na uvivu kweli upo. Ila sehemu kubwa, alivyoona Ringelmann mwenyewe, ni kutovuta kwa wakati mmoja. Huyu anaanza, yule anapumua.

Ami hakungoja amalize. Amekulia kwa wavuvi, akashika mbele ya kamba, akaanzisha wimbo wa kuvutia jarife, wavu mkubwa wa kuvulia, ule ambao mmoja anatoa na wengine wanapokea, na nguvu zinakwenda kwenye neno la mwisho. Mshale ukapita 190. Bi Mkubwa akaandika, akapiga mstari chini. Karatasi ile imebandikwa afisini mpaka leo, juu ya mashine ya fotokopi.

Chakula sina neno: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchuzi wa pweza, pilipili ya kusaga. Chai ya saa nne ndiyo iliyokuja saa sita kasoro, mandazi yamepoa.

Ngalawa tulipanda saa tisa u nusu, maji yamejaa vizuri na upepo wa kusi wa jioni. Hapa tena palikuwa na tabu. Tulikuwa saba na manahodha wawili, jaketi za kuokolea zilikuwa sita. Nikagoma. Wawili kati yetu hawajui kuogelea, na mimi mmojawapo. Ilichukua dakika ishirini kutafutwa nyingine kijijini, na nilionekana msumbufu, nakubali. Ukienda, zihesabu kabla ya kula, wala si mguu ukiwa majini. Mashindano hayakuwapo tena, muda ulikuwa umekwisha, tukazunguka ghuba tu, vijana wa bandarini wakifundishwa kushika tanga na Ami akiwasahihisha manahodha wa watu. Binti wa nyaraka alipewa kopo la kukumba maji. Akayakumba mengi upande aliokaa Ami. Ami akafuta uso, hakusema kitu, akasogea.

Mtu akiniuliza, nawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili ninazowanyima ni za maji na jaketi, mambo mawili ambayo mtu wa pwani hapaswi kukumbushwa. Stakabadhi walitoa bila kuombwa, na kwetu sisi wa forodha hilo si dogo. Ningerudi? Ningerudi kwa nusu siku, siku ya bamvua kwa makusudi: asubuhi shambani kwa yule bibi, naye alipwe ndani ya bei, kisha kamba na mizani, tule, turudi mjini kabla ya alasiri. Nimewaandikia hivyo, wamejibu kwamba wanalifikiria.

Ami na binti sasa wanasemeshana, kwa mambo ya kazi. Karatasi za kontena zinasainiwa na wote wawili kabla gari haijaondoka. Hilo walilianzisha wenyewe wiki ya pili, sikuuliza.

Wiki iliyopita yule bibi alimpigia simu Bi Mkubwa, wanaongea siku hizi. Mwani wetu amekwisha kuuvuna. Tulimfungia kamba kumi na mbili. Tisa zimetoka vizuri, tatu maji yalizichukulia mbegu karibu zote. Mbili alizifunga Mwalimu. Ya tatu, nasikia, ni yangu.