LEGO ya miaka 4 hadi 99 sebuleni kwa fundi wa hina, Amu

Sanduku lenyewe ni la vitofali vya kuchezea, vya kuunganisha na kubomoa, LEGO Classic nambari 10698: plastiki ya manjano, vipande 790, rangi 33, na umri ulioandikwa juu yake ni 4–99. Nautaja umri mapema kwa sababu ndio uliozua maneno kuliko kitu chochote kilichomo ndani. Nimelinunua kwa pesa yangu, hakuna aliyenipa nilisifu, na nimeshalichezea vya kutosha kujua linafaa wapi na linakera wapi.

Kazi yangu ni kupaka hina na piko, ile rangi nyeusi, hapa mtaa wa Langoni, Amu, yaani Lamu. Mteja akishapakwa hana mikono. Hawezi kushika simu, hawezi kuvuta buibui, na pua ikimwasha anaomba akunwe. Anakaa juu ya busati anangoja maua yakauke, nami nangoja naye. Zamani muda huo nilikuwa naumalizia kwenye simu mpaka macho yakaanza kuniuma. Nikataka kitu cha mikono kisichotia doa, kinachoweza kuachwa katikati mteja mwengine akibisha hodi. Kushona nilijaribu, lakini sindano na vidole vyenye piko havipatani, kofia nyeupe ikawa na madoa kama chui.

Amu hupati duka la kuuza vitofali hivi vya asili, kwa hivyo niliagiza Mombasa, vikaja na basi mpaka Mokowe, vikavuka na boti. Kijana wa mizigo alipolipokea sanduku akalitikisa, akasikia linavyolia, akaniambia, “Bi, mtoto huyu ana bahati.” Nikamwambia mtoto ni mimi. Akacheka, akanitazama usoni, akaacha kucheka. Huyo ndiye wa kwanza kunishangaa.

Bei si ya mzaha. Marekani sanduku hili limekuwa likiuzwa kama dola 60, na mpaka livuke maji kuja kwetu lishapita shilingi elfu kumi. Viko vya kuigiza vya bei ya chini madukani, vyenye umbo lile lile, na mtoto wa dada yangu anavyo ndoo nzima. Tofauti utaijua kwenye kushika. Vile vya kuigiza vingine vinalegea, ukuta unaanguka ukiupumulia. Vingine vinabana mpaka uvitoe kwa meno. Vya asili vinakaa na vinatoka. Mfumo wa vinundu juu na mirija chini ulisajiliwa Denmark mwaka 1958, na kitofali cha mwaka ule mpaka leo kinashikana na cha kwangu. Ukitaka kuhakikisha hukuuziwa feki, tazama kila kinundu kwa karibu: jina la LEGO limechapwa juu yake, dogo, ulisome kwa ukucha.

Sasa kasoro, nayo ni kubwa. Gawanya 790 kwa 33 upate wastani: vipande kama 24 kwa kila rangi, na humo kuna matairi, madirisha, milango na macho ya kuchekesha. Mwenye kutaka kasuku au gari atafurahi. Mimi nilitaka kujenga nyumba ya Amu, ukuta wa mawe uliopakwa chokaa, vidaka vya kuwekea vitu kutani ndani, daka, kile kibaraza cha mlangoni, mbele, na nyumba kama hiyo inataka nyeupe, kisha nyeupe, kisha nyeupe tena. Vyeupe viliniishia kabla sijafika kwenye dari. Orofa ya juu ikawa ya waridi, samawati na kijani cha ndimu, nyumba ikafanana na hoteli ya mgeni asiyeulizia kibali. Mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kwa nyumba ile wangetufuta.

Kitabu cha maelekezo kilichomo ni kifupi. Kinakuonyesha vitu vichache, vyengine ujijue. Kwangu hiyo ni sifa, maana hata ua la piko sianzi na karatasi, naanzia kwenye mkono wa mtu. Lakini kama wewe ni wa kufuata hatua moja baada ya nyengine mpaka kitu kitokee sawa na picha, sanduku hili litakuudhi. Tafuta yale yenye jengo moja maalumu. Kampuni tangu 2020 inayatoa pia katika masanduku meusi yaliyoandikwa 18+, kwa ajili ya watu wazima wanaoona haya. Mimi binafsi siyataki. Sanduku jeusi lenye 18+ sebuleni kwa fundi wa hina, wiki ya harusi, wamama wamejaa? Bora watu waseme nacheza.

Na wanasema kweli. Wanawake wakiingia, jicho la kwanza linakwenda kwenye trei. “Watoto wako hapa leo?” Nikisema ni vyangu, kunapita kimya kidogo, kisha mmoja anajikaza kicheko na mwengine anashindwa. Hilo halinisumbui. Siku moja tu nilikasirika, bi harusi alipokuja na shoga zake, mmoja akanipiga picha nimeinama juu ya trei, akaandika maneno, mpaka Magharibi baraza ya chini imeshajua kwamba nimerudi chekechea. Baraza yenyewe ni ya wanaume wanaokaa tangu baada ya Asri wakibamiza dhumna mezani mpaka kuta zinaitika. Yumo mwenye wajukuu sita. Vidude vya dhumna ni plastiki, vitofali vyangu ni plastiki, lakini yeye hakuna anayemuuliza amerudi darasa gani.

Kicheko kikiisha huja huruma, nayo ndiyo inayonichosha. Mimi sina mtoto, na mtaa mzima unajua. Jirani mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, aliingia kuazima kibia, akaniona, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini, “Mungu atakupa, mwanangu. Usijiumize.” Wakati ule nilikuwa najenga choo. Nyumba ya kizamani ya Amu haikamiliki bila choo chenye birika la maji, na birika lenyewe zamani hutiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, sasa nilikuwa nasaka kipande cha kufanya samaki. Umjibu nini mtu kama huyo? Niliitikia amin, nikamtafutia kibia chake. Mwanamume mwenye vitofali huambiwa hajakua, mambo yakaisha kwa kelele. Mwanamke asiye na mtoto huombewa dua.

Nimeona pia kwamba inategemea kitu kinaleta nini. Mzee anayechonga vijahazi vya mbao awauzie watalii pale ufukoni haambiwi anacheza, kwa sababu jioni anarudi na noti. Wateja wangu nao wananilipa kwa ua ambalo halimalizi wiki mbili mkononi, na hakuna anayeliita mchezo. Nikijenga mlango wa vitofali nikauvunja usiku ule ule, hapo ndipo akili yangu inapotiliwa shaka.

Aliyenifurahisha kuliko wote ni mwalimu wa hesabu, somo yangu, aliyekuja kupakwa kabla ya harusi ya mdogo wake. Nilimwambia, kwa kutaka kumchokoza tu, kwamba vitofali sita vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Akasema haiwezekani, huo ni uongo wa matangazo. Mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa hina mpaka viwikoni, kwa hivyo akawa anaamuru na mimi nafanya.

“Chukua viwili tu. Weka kimoja juu ya chengine sawasawa. Hiyo moja. Sasa kisogeze kinundu kimoja kulia. Kulia kwangu, si kwako!”

Tukasogeza, tukazungusha msalaba, tukarudi. Yeye anahesabu kwa sauti, mimi natia alama kwa kalamu ya piko kwenye gazeti. Tulifika 46. Akafumba macho akafikiri, akasema nyingi hapo zimejirudia, ukigeuza jengo lote unapata lile lile. Akaondoa zilizojirudia, zikabaki 24. Hiyo ni sawa kabisa na hesabu inayokubaliwa na wataalamu: viwili ni njia 24. Nikamwambia vitatu ni 1,060. Akanyamaza, midomo inacheza. Hina ilikuwa imekauka zamani inapukutika juu ya busati, na yeye hana habari. Alipokumbuka alikwangua mkono mmoja haraka haraka, akavitwaa vitofali akaendelea mwenyewe. Bwana wake alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka.

Wa pili kunifurahisha ni ami yangu, fundi wa majahazi wa Matondoni, aliyemsindikiza binti yake. Mwanamume haingii sebuleni wanawake wakipakwa, alikaa nje kwenye daka, nikamtolea kahawa na, kwa bahati, jahazi nililokuwa nimelijenga asubuhi. Alilitazama bila kuligusa, akauliza kwanza omo, upande wa mbele, kisha tezi, upande wa nyuma.

“Hini ina omo wapi?”

“Huku, ami.”

“Na tezi?”

“Huku.”

“Mbona zote ni tezi?”

Alikuwa na haki. Vitofali vya mraba vinataka pembe, jahazi halitaki. Vipande vya mteremko vimo sandukuni lakini ni vichache, huwezi kupindisha ubavu wote. Akalipindua tumbo juu, kama anatafuta pa kutia kalafati ya kuziba nyufa, akauliza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, uko wapi. Hakukuwa na mkuku. Akaniomba trei. Nilipotoka tena kuchukua kikombe, ami alikuwa amelibomoa lote, amepanga vipande kwa ukubwa kwenye jiwe la baraza, miwani kwenye ncha ya pua. Omo aliuchongoa kwa kupunguza kinundu kimoja kila safu, jambo ambalo mimi sikulifikiria. Kisha akanimalizia vyeupe vyote, akavitia chini, kwa sababu jahazi hupakwa shahamu chini, na shahamu, mafuta na chokaa, ni nyeupe. Nikamwambia ninavitaka kwa nyumba. Akasema nyumba haizami.

Nikamweleza kwamba aliyeianzisha kampuni hii, Ole Kirk Christiansen wa Billund, alikuwa seremala kama yeye, akaanza kutengeza vidude vya mbao mwaka 1932. Hapo ndipo alipoinua uso.

“Na mbao aliziachia nini?”

Nikamwambia yeye alifariki 1958, kisha mwaka 1960 ghala la vidude vya mbao likaungua, waliobaki wakaamua plastiki peke yake. Ami akatikisa kichwa. “Ghala likiungua wanunua mbao nyengine.” Akarudi kwenye mlingoti wake. Watu watatu wa baraza ya chini, wale wale wa dhumna, walipita wakasimama, na hakuna aliyetaja chekechea. Mmoja alitaka kujua foromali, mti wa kushikia tanga, itakaaje bila kamba.

Kwa mwenye kutaka kununua, mambo machache ya nyumbani. Sisi huvua viatu mlangoni, na kitofali kilichoanguka sakafuni usiku kitakutafuta wewe, si mwengine; fanyia kazi kwenye trei yenye kingo. Vipande vyembamba vikishikana viwili vinavunja kucha, na mimi kucha ni tangazo la biashara. Paka wa mtaa wanapenda matairi. Mfuniko wa sanduku unafunga vizuri na vipande vyote vinarudi ndani bila kugombana, kitu ambacho sikukitarajia.

Je, nitashauri ulinunue? Kama mikono yako inahitaji kazi na akili inahitaji kupumzika, ndiyo, hata kwa bei hiyo. Ukitaka kujenga kitu cha rangi moja, ongeza vipande vya rangi hiyo peke yake, kwani hili halitakutosha. Mimi nimeshaagiza vyeupe na nangoja basi. Ukinunua kwa ajili ya mtoto wa miaka minne, jua kwamba vipande vidogo vimo, kaa naye. Wa miaka 99 sijampata hapa Langoni wa kumjaribia. Bibi yangu huenda amefika, lakini mwaka aliozaliwa haujulikani, na tayari anasema madirisha yangu ni makubwa, wezi wataingia.

Na kwa wateja wangu mnaosoma: mikono ikikauka mnaruhusiwa, trei iko pale chini ya kioo. Mlango mmoja mdogo haujaonekana tangu harusi ya mwisho. Aliyeondoka nao ndani ya mkoba aurudishe, sitamtaja.