TAHADHARI: Kishoka wa leseni za vileo anapita migahawani Dar es Salaam

Ndugu zangu wenye migahawa, hasa mlioko Sinza, Mwenge, Tabata na Mbezi, kuna kishoka, yaani wakala wa uongo, anapita mlango kwa mlango akijiita wakala wa leseni za vileo. Kavaa vizuri, ana mkoba wa mafaili, na shingoni kaning'iniza kitambulisho ambacho ukitaka kukisoma anakigeuza. Hana papara. Anaagiza chai na chapati mbili, analipa na chenji anaacha. Ndipo anauliza kwa sauti ya chini: "Mama, hizi bia kwenye friji unauzia karatasi gani?"

Mimi natunza hesabu za migahawa midogo, na karatasi za huyu bwana zimenifikia mezani kutoka kwa wateja wangu zaidi ya mmoja. Sahihi ni ileile, muhuri ni uleule, na kosa la tahajia liko palepale kwenye mstari wa pili. Jina lake siliandiki kwa sababu kila mtaa anatumia lingine, na laini ya simu anabadilisha. Nitaeleza anavyofanya kazi. Hata akija mwingine kwa mtindo huohuo, mtamtambua.

Kwanza, ujue anakuja lini. Kwa miaka mingi leseni ya vileo huku Bara imekuwa ikitolewa kwa nusu mwaka: Aprili mpaka Septemba, halafu Oktoba mpaka Machi. Mwisho wa Septemba na mwisho wa Machi ndiyo mavuno yake, maana kila mwenye baa, grosari na mgahawa yuko mbioni kuhuisha leseni, na mgeni wa biashara hajui aanzie wapi. Anajua pia kwamba leseni ya biashara unayo na imekaa ukutani, ila wengi wetu tunadhani hiyo inatosha. Haitoshi. Wali, chipsi na soda ni leseni ya biashara. Bia na pombe kali zina leseni yake chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Hapo anasema kweli kabisa, na ndiyo maana watu wanamwamini.

Bei yake ni laki sita "kila kitu ndani", nusu kwanza, siku tatu umepata. Ndani ya hiyo "kila kitu" kuna karatasi tatu: leseni ya vileo ya miaka miwili, kibali cha kukesha, na cheti anachokiita cha uuzaji wa pombe kwa uwajibikaji.

Nianze na hicho cheti, maana ndicho kilichonikera zaidi. Huyu bwana anaongea vizuri kuliko maofisa wengi. Atakwambia usimuuzie mtoto, usimwongezee aliyekwisha kulewa, mhudumu wako ajue kusema hapana, mteja aliyekuja na gari umwitie bodaboda. Yote ni maneno ya maana. Ukishatikisa kichwa vya kutosha kukubali, anatoa habari kwamba sasa ni lazima kila mhudumu awe na cheti, na semina anaendesha yeye mwenyewe, elfu hamsini kwa kichwa. Wasichana wanakusanywa kwenye viti vya plastiki nyuma ya jiko, anawasomea karatasi kwa saa moja, anawapiga picha, kesho yake vyeti vyenye nembo ya bibi na bwana vinafika. Katika maombi yote ya leseni za vileo niliyowahi kuyashika, hakuna halmashauri iliyowahi kuniuliza cheti cha namna hiyo. Wanachoulizia kwa wafanyakazi wa jikoni na mezani ni kupima afya, na hilo linafanyika kituo cha afya, si nyuma ya jiko lako.

Kuwafundisha wahudumu ni jambo zuri, wala simzuii mtu. Wafundishe mwenyewe jioni kabla hamjafungua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda aliye chini ya miaka 18 asiuziwe pombe, kwa hiyo mhudumu akiwa na shaka aombe kitambulisho, na wewe bosi umuunge mkono hata kama mteja ni mtoto wa mtu mkubwa. Hilo halihitaji cheti cha elfu hamsini.

Kibali cha kukesha ni uongo wa wazi. Saa za kuuza vileo zimewekwa na sheria na zinafuata aina ya leseni uliyopewa. Hakuna mtu mwenye mkoba anayeweza kukuongezea usiku.

Sasa leseni yenyewe. Leseni ya vileo haimfuati mtu tu. Imefungamana na mtu, na jengo, na aina ya uuzaji, na kipindi. Ndiyo maana njia yake ni ndefu: fomu inapita serikali ya mtaa na kwa mtendaji wa kata, afisa afya anakuja kuangalia choo, maji, jiko na mahali wateja wanakaa, polisi wanatoa maoni yao juu ya eneo, afisa biashara anakusanya yote, halafu kuna mamlaka ya leseni ya kuamua. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, lakini mfumo haukufuta maswali ya msingi. Nani anauza? Wapi? Jirani yake ni nani? Choo kipo? Mtu akikwambia amekupatia leseni na hakuna afisa afya aliyekanyaga jikoni kwako, usitafute ushahidi mwingine.

Najua mtakachosema: mzunguko ni mrefu, unaambiwa njoo kesho, na friji imejaa mzigo wa mkopo. Sibishi, nimekaa kwenye mabenchi hayo. Lakini anachouza kishoka ni uchovu wako wa kusubiri, na mzunguko unabaki palepale ukikungoja.

Mteja wangu mmoja, dada mwenye mgahawa Tabata, aliletewa leseni inayong'aa. Mimi nilikuwa sijaiona bado. Aliitundika ukutani jirani na kalenda. Wakaguzi walipokuja, walisoma namba, wakaitafuta, wakakuta ni ya grosari iliyoko kata nyingine kabisa, yenye mwenyewe na hai. Yule wa grosari hakujua kitu. Kuanzia hapo jambo halikuwa tena kuuza bia bila leseni. Likawa karatasi ya kughushi imetundikwa kwenye biashara yako, na hiyo ni jinai, unaelezea polisi na siyo kwa afisa biashara. Bia zilibebwa, mgahawa ukafungwa kwa muda, na wali wake ambao ulikuwa halali kabisa nao ukakosa wa kuula. Kishoka hakupokea simu.

Mwingine alipata kitu cha ajabu zaidi: leseni halisi, imetoka kwenye mfumo, lakini ya aina isiyo yake. Aliombewa ya duka, ile ambayo mteja ananunua na kuondoka na chupa. Ukiwa na hiyo, meza yenye watu wanne na glasi zao ni kosa. Leseni ya mgahawa imejengwa juu ya chakula. Kinywaji kinamfuata anayekula. Ukitaka watu waje kunywa tu mpaka usiku, hiyo ni baa, nayo ina leseni yake. Kabla hujalipa hata shilingi moja, jiulize wateja wako wanafanya nini hasa mezani, halafu nenda ukaombe inayofanana na hicho. Kishoka anaomba ile iliyo rahisi kupita.

Na huyo wa leseni ya duka ana tatizo jingine ambalo mpaka leo hatujalimaliza. Akaunti ya TAUSI ilifunguliwa kwa namba yake ya NIDA na TIN yake, lakini simu na barua pepe ni za kishoka. Kila ujumbe wa mfumo unakwenda kwake. Akitaka kuhuisha, lazima ampigie yeye, na yeye ana bei ya kufungua mlango. Akaunti ifungue mwenyewe, kwa simu yako, nywila uijue wewe. Kama hujui kompyuta, nenda na mwanao au na kijana wa stesheneri, kaa pembeni yake mpaka amalize, uondoke na nywila umeibadilisha.

Kwenye malipo ndiko kwenye kipimo rahisi kuliko vyote. Fedha ya serikali inalipwa kwa kontrol namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, unailipa kwa simu, benki au kwa wakala. Jina likitokea la mtu binafsi, usilipe. Huyu bwana anasema "mfumo uko chini leo, nitumie mimi nitakulipia asubuhi." Mfumo ukiwa chini, subiri uinuke. Amewahi pia kumpa mtu kontrol namba ya kweli, ikalipwa na risiti ikatoka, kumbe ilikuwa ya deni la ushuru la mtu mwingine. Kwa hiyo usitazame namba tu. Soma jina la mlipaji na malipo ni ya nini.

Kuna kitu nilisikia kwa mzee mmoja wa Mbezi, nikaona niseme. Huyu bwana alimjia na kakifaa ka alama za vidole, akidai ni kwa ajili ya fomu ya polisi. Mzee alimfukuza, Mungu ambariki. Alama ya kidole pamoja na namba ya NIDA ndivyo vinavyosajili laini ya simu. Laini ikisajiliwa kwa jina lako na mtu ikatumika kutapeli, mlango utakaogongwa ni wako. Kama umeshaweka kidole kwenye kifaa cha mtu wa hivyo, piga *106# leo uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda kaifute kwa mtandao husika.

Mengine kwa kifupi. Akikuletea leseni ya kuuza bia mgahawani "iliyotoka BRELA", ujue hajasoma hata alichokichapa; BRELA inasajili kampuni na majina ya biashara, leseni yako ya vileo ni ya halmashauri. Akikuletea na mzigo wa pombe kali kwa bei poa kama zawadi ya kumwamini, skani stempu kwa programu ya Hakiki Stempu ya TRA kabla hujaweka chupa kwenye rafu, na kama ni vile vipakiti vya viroba, usiguse, vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017. Na kuna mmoja aliambiwa karatasi yake ya Dar itamfaa akifungua tawi Nungwi. Zanzibar ina sheria yake ya vileo na bodi yake. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Atakapoona unasita, atashusha sauti aseme kuna "mtu wa ndani" anagawana naye. Inawezekana ni kweli, inawezekana ni chumvi. Vyovyote iwavyo, hapo amekuhamisha kutoka kwenye kutapeliwa mpaka kwenye kutoa rushwa, na ukija kulalamika baadaye utaogopa, kwa sababu na wewe utakuwa umo. Anajua anachofanya. Wengi walioliwa wananyamaza kwa sababu hiyo tu, na ukimya wao ndio unaompa nauli ya kwenda mtaa wa pili.

Kama umeshalipa, fanya hivi bila kungoja. Muamala ukiwa wa leo, piga simu kwa mtandao wako uombe uzuiwe. Ikipita siku, fedha imeshatolewa. Piga picha mazungumzo yote ya WhatsApp, maana ana tabia ya kufuta ujumbe usiku. Nenda kituo cha polisi ukafungue jalada, upate RB, yaani namba ya taarifa yako. Namba aliyotumia kukutapeli itume 15040. Kama alitaja ofisa anayegawana naye, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wanapokea simu 113, ni bure. Halafu shusha ile karatasi ukutani, acha kuuza vileo kwa sasa, na uipeleke mwenyewe kwa afisa biashara wa halmashauri yako kabla wao hawajaja. Wapewe nakala. Ile yenyewe usiichane hata kwa hasira, polisi wataihitaji.