Mfuko wa mayai ya samaki wa Unguja: bidhaa nzuri iliyokosa tarehe

Mfuko nilioununua kwa mfugaji wa samaki wa mapambo ulifika na mboji yenye unyevu kidogo, mithili ya tumbaku ya kusokota, na ndani yake mayai ya Nothobranchius guentheri, samaki wa Unguja mwenye urefu wa takriban sentimita 5 anayeishi katika madimbwi, mitaro na vijito vinavyokauka mvua ikikatika. Maji yakiisha wazazi hufa, lakini mayai waliyoyazika topeni husimamisha ukuaji na kubaki hai hadi mvua irudi, na ndiyo maana yanaweza kutumwa kwa posta bila maji. Kwa upande huo sina lawama yoyote: mboji haikuwa na ukungu, na kwa kioo cha kukuzia niliona ndani ya mayai, ambayo upana wake ni kama milimita moja, macho ya viinitete yenye duara la rangi ya dhahabu.

Kasoro iko kwenye lebo, nayo si ndogo. Imeandikwa jina la samaki na idadi ya mayai, lakini haisemi yalitagwa lini wala ukoo wake ulitoka sehemu gani ya kisiwa. Katika joto la nyuzi 24 au 25 mayai haya huhitaji takriban miezi mitatu kuiva. Yakiloweshwa mapema, vifaranga huanguliwa wakiwa wameshindwa kujaza kibofu cha hewa, wakabaki kutambaa chini ya tangi. Yakicheleweshwa mno, kiinitete humaliza akiba yake na kufa. Mnunuzi asiyepewa tarehe anaachiwa kubahatisha uhai wa viumbe.

Wanaoanguliwa salama hula mara moja viluwiluwi vya Artemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi), na baada ya wiki chache dume huvaa rangi ya buluu na kijani, magamba yenye kingo nyekundu na mkia mwekundu, huku jike akibaki wa kijivu. Wakati wa kutaga dume humfunika jike kwa pezi la mgongoni, wakatetemeka pamoja, na yai moja likazama mbojini.

Karatasi ya maelekezo inashauri mboji itupwe baada ya kuloweshwa mara ya kwanza. Tafadhali msiifuate. Mayai hayaamki yote pamoja, kwa kuwa mvua ya kwanza inaweza kukatika kabla samaki hawajakomaa. Ikamueni mboji, irudisheni mfukoni, kisha muiloweshe tena baada ya wiki kadhaa.